Pana Wenyewe

Nilipokuwa kidato cha pili nilisema uongo ambao mpaka leo unatembea. Shule ilitupeleka Gede kwa ziara ya somo la historia, mabasi mawili, kila mwanafunzi na mkate wake na soda yake. Jioni tukirudi, wenzangu wakaniuliza kama ni kweli kule kuna mashetani, maana walijua mama yangu ni mzaliwa wa upande huo. Sikutaka kuwavunja moyo. Nikawaambia nilimwona mwanamke amesimama kando ya kisima cha Msikiti Mkuu, kimya, amevaa kandambili moja tu. Ya pili, nikasema, imo kisimani. Basi zima likanyamaza.

Sikuona mwanamke. Nilichokiona karibu na kisima kile ni kima aliyempokonya mwalimu wetu mkate akakwea nao ukutani.

Desemba iliyopita binamu yangu mdogo, ambaye sasa yuko katika shule ile ile, aliniuliza kama nimewahi kusikia habari za Mwanamke wa Kandambili. Kwake kisa kilikuwa kimeshaota matawi. Mwanamke ni mke wa sultani, alitupwa kisimani usiku wa uvamizi, na mwanafunzi yeyote atakayeiona ile kandambili ya pili hufeli mtihani wa mwisho. (Hilo la mtihani lilinichekesha, kila kizazi na jehanamu yake.) Nilitaka kumwambia ukweli. Sikumwambia. Nilimwona jinsi macho yalivyomng'aa, nikajua nikisema atanichukia mimi, wala si kisa.

Ninasomea uzamili katika fasihi, na tasnifu yangu inahusu hofu katika nathari ya Kiswahili, kwa hiyo ningepaswa kufurahi: nimetunga kisa, kimepokewa, kimeingia katika masimulizi ya shule. Badala yake nilipata aibu. Na aibu hiyo ilikuwa na sababu yake, ambayo nitaifikia. Kwanza ninataka kuisoma Gede namna tunavyofundishwa kusoma kitabu. Nani anasimulia? Anamwona nani? Anamwacha nani nje ya ukurasa?

Siku mbili baada ya swali la binamu nilimwomba mama anisindikize. Mama amekulia mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka pale, lakini alikuwa hajaingia ndani ya magofu kwa miaka mingi. Ukitoka barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, kabla hujafika Malindi kwa kilomita kama kumi na sita, unaiacha lami, unapita maduka na vibanda vya mboga, halafu ghafla miti inakuwa mikubwa. Mibuyu, mikwaju, mikuyu ambayo mizizi yake imekumbatia kuta za matumbawe mpaka hujui ni ukuta unaoushikilia mti au ni mti unaoushikilia ukuta. Joto la nje linabaki nje. Sauti pia. Ninaelewa kwa nini mtu anayeingia pale mara ya kwanza anataka kuamini jambo.

Makaburi hayako mahali pamoja kama yalivyo makaburi ya mjini. Yametawanyika kati ya misikiti na nyumba, mengine yana nguzo ndefu za mawe juu yake, kwa mtindo unaouona pwani yote kuanzia Lamu hadi Kunduchi. Lijulikanalo zaidi ni lile lenye tarehe iliyochorwa katika chokaa: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Ni kaburi hili linalowasaidia wataalamu kupanga umri wa vingine vyote vilivyo karibu nalo.

Mama alifika mbele ya kaburi lile akavua viatu. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu aliyefika kwa jirani: "Hodi."

Akangoja. Mimi nikatazama kando kuona kama kuna mtu anayetuangalia. Baada ya muda akavaa viatu vyake, tukaendelea.

"Nani atakuitikia, mama?"

"Kwani wewe ukienda kwa mtu unaingia tu?"

Nyuma yetu likaja kundi la wanafunzi na mwongozaji wao. Alikuwa kijana hodari, mcheshi, anayejua tarehe zake. Walipofika penye kaburi alishusha sauti na kuwaambia kwamba roho za watu wa kale bado zinaulinda mji, na kwamba waliowahi kuchukua vitu vya humu ndani yaliwafika mabaya. Wasichana wawili wakashikana mikono. Mvulana mmoja akaruka juu ya ukingo wa kaburi na kurudi, ili wenzake waone haogopi.

Mvulana yule ndiye aliyenifanya niandike. Mama alikuwa amesimama mahali pale pale dakika tano kabla, amevua viatu, kwa sababu ya imani ambayo ukiisikia juu juu ni ile ile: kwamba waliolala hapa hawajaondoka. Mmoja ilimfanya abishe hodi. Mwingine ilimfanya arukie kaburi.

Tofauti inatoka katika maneno. Watu wa kwetu pwani wakitaka kukwambia kwamba mahali fulani si pa kuchezea, hawasemi pana mashetani. Husema, "Pale pana wenyewe." Mti fulani una wenyewe, kisima kina wenyewe, shamba lililoachwa lina wenyewe. Sikiliza jinsi neno lilivyo la kawaida. Ni neno lile lile la mwenye nyumba, la wenye mji. Halisemi kwamba mahali panatisha, linasema pana mtu wa kuombwa ruhusa. Hofu imo, sikatai, lakini ni hofu ya mgeni katika ua wa watu. Shetani hana ua. Hakuna anayembishia hodi shetani, watu humkimbia au humkemea, na kama wewe ni mvulana wa kidato cha pili, unamchokoza.

Neno "mzimu" lenyewe lilikuwa hivyo. Katika Kiswahili mzimu ni roho ya aliyekufa, na pia ni mahali roho hiyo inapotambikiwa, penye vitambaa na ubani na marashi. Neno moja linambeba aliyelala na wanaokuja kumwona. Filamu na vitabu tunavyosoma shuleni vimeikata nusu ya pili. Mzimu uliobaki ni ule wa kufukuzana na watu usiku, hauna jamaa, hauna anayeuletea chochote.

Sasa tumsome msimulizi wa Gede anayenukuliwa kuliko wote. James Kirkman, mwanaakiolojia Mwingereza, alifika pale mwaka 1948 na kuchimba kwa takriban miaka kumi. Karibu kila makala ya kitalii kuhusu Gede, ikifika penye mizimu, inamrudia yeye, kwa sababu aliandika kwamba siku zake za mwanzo pale alihisi kama kuna anayemchungulia kutoka nyuma ya kuta, asiye adui wala rafiki. Ni maandishi mazuri. Yana unyofu ambao hatuuzoei kwa wanasayansi, na sidhani alitaka kumtisha mtu. Na nitakuwa mwizi wa fadhila nisiposema kwamba bila kazi yake tusingejua nusu ya tunachokijua: mji ulioanza karne ya 12, ukastawi karne ya 15, ukaachwa katika karne ya 17, bakuli za China, shanga za Venice, vyoo na visima ndani ya nyumba.

Lakini kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu uchimbaji wa Msikiti Mkuu kiliitwa, ukikitafsiri, "Mji wa Kiarabu wa Gedi". Soma jina hilo pamoja na ile hisia ya kuchunguliwa. Kama mji ni wa Waarabu, basi wenyewe walikuja kutoka ng'ambo ya bahari, wakajenga, wakaondoka au wakaisha. Waliopo sasa, Wagiriama wanaolima mpaka penye ukuta, wamekuja baadaye na hawana neno na mji huu isipokuwa kuuogopa. Katika hadithi ya namna hiyo yule anayechungulia nyuma ya ukuta lazima asiwe na jina. Hana mjukuu, wala hana jirani wa kumtambulisha. Nyumba zenyewe zilipewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Ni njia nzuri ya kazi kwa mchimbaji, maana lazima aiite nyumba kitu fulani. Lakini ukitembea pale mchana kutwa unasoma majina ya mali, na hakuna hata jina moja la mtu.

Wengi hupenda kuongeza hapo "fumbo kuu": kwamba Wareno, ambao kituo chao kilikuwa Malindi hadi walipohamia Mombasa mwaka 1593, hawakuutaja waziwazi mji huu uliokuwa jirani yao. Fumbo hili linasimuliwa kana kwamba mji wenyewe ulijificha. Wapo wataalamu wanaodhani ulijulikana kwa jina jingine, Kilimani. Hata bila jibu hilo, mimi nauliza swali jingine: tangu lini mji wa watu weusi na misikiti yao ukawa fumbo kwa sababu tu Mreno hakuuandika?

Kirkman hakuchimba kwa mikono yake peke yake. Babu mzaa bibi yangu, ambaye kwetu tunamwita tsawe, alikuwa miongoni mwa vibarua waliobeba udongo kwa karai. Hilo ndilo jambo nililolikuta katika mazungumzo ya nyumbani tu, na mama ndiye aliyenisimulia tukiwa tumekaa kwenye kivuli penye magofu. Tsawe alikuwa haingii ndani ya ukuta asubuhi bila kubisha hodi. Chakula cha mchana hakukila mle; akilazimika, tonge la kwanza lilikwenda chini. Wenzake wengine walifanya hivyo pia, wengine walimcheka. Alipoulizwa na wanawe kama aliwahi kuona kitu, alijibu kwamba haendi kwa watu kuwaangalia, anakwenda kufanya kazi.

Kwa hiyo katika mtaro mmoja, miaka ile ile, kulikuwa na wanaume wawili waliohisi kitu kimoja. Mmoja alikiandika na maandishi yake yakawa ushahidi wa kunukuliwa. Mwingine alikibishia hodi. Hisia ya mgeni imekuwa fasihi, ya mwenyeji imekuwa "imani za wenyeji", na kwa kawaida hupewa sentensi moja mwishoni.

Kuna kitabu kimoja cha Kiswahili ambacho kingeweza kutusaidia hapa, na nilikibeba katika mkoba siku ile. Ni "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Muhammed Said Abdulla, riwaya ya upelelezi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Yaani Kirkman anamaliza kuchimba Gede, na Mzanzibari mmoja anamaliza kuandika juu ya maiti iliyokutwa katika mzimu. Aliyekufa ni mtu mwenye mali. Bwana Msa, na kiko chake na rafiki yake Najum, hakubali kwamba mizimu imeua. Anautafuta mkono wa binadamu.

Nimekipenda kitabu hiki tangu shule ya upili na bado nakipenda. Wazo lake ni kali kuliko linavyosifiwa: palipo na hadithi ya mizimu, uliza kwanza nani ananufaika mkiendelea kuogopa. Hilo ni somo la ukosoaji kabla sijajua neno ukosoaji. Lakini nilipokisoma tena safari hii, nimeketi juu ya jiwe na mama anatafuna karanga kando yangu, nililiona pengo lake. Bwana Msa akishamwondoa mzimu kama mshukiwa, mahali penyewe panamtoka mawazoni. Panakuwa jukwaa la mauaji. Nilivyosoma mimi, wanaotambika pale wanabaki nyuma, watu wa kuaminiaminia, na akili yote iko kwa mtu wa kiko. Kitabu kinatupa njia mbili tu, kuogopa kama mjinga au kucheka kama mwerevu. Mama yangu hakufanya lolote kati ya hayo. Alibisha hodi, hakupata jibu, akaendelea na safari yake, na hakuonekana kushangaa.

Linganisha na Takwa, katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Shela. Huko nako kuna magofu, msikiti, na kaburi la nguzo lenye tarehe ya mwaka wa 1681 au 1682. Mji uliachwa, kama Gede. Miti imeota, kama Gede. Lakini watu wa Shela wanasema wazee wao walitoka Takwa, na mpaka leo huvuka kwenda kuomba mvua penye kaburi lile. Nilikwenda huko mwaka juzi na rafiki yangu wa Lamu. Nilimuuliza nahodha wa mashua kama usiku panatisha. Alinitazama kama niliyemuuliza kama kwa shangazi yake panatisha.

Kwa kadiri ninavyoona, hapo ndipo penye siri ya makaburi yanayosifika kwa mashetani. Yale yanayozuruliwa na jamaa hayapati sifa hiyo. Yanaipata pale jamaa wanapoondolewa, kwa vita, kwa ukame, kwa kuhamishwa, au kwa kitabu kinachosema kwamba hawakuwa jamaa hata kidogo.

Na kitabu kinaweza kujibiwa. Wanazuoni wa baadaye, Chapurukha Kusimba miongoni mwao, wamebishana kwa miaka mingi na ile picha ya miji ya Waarabu waliotua kutoka baharini. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani na bara jirani kati ya 1250 na 1800, katika maeneo kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Gede haikuwemo. Matokeo yake hayakumpendeza anayetaka jibu la neno moja: walikuwa watoto wa mama wa Kiafrika, wengi wao, na wa baba waliotoka Uajemi, damu zilizoanza kuchanganyika yapata mwaka 1000. Mimi nilipousoma utafiti ule nilijikuta nawaza kuhusu wale 80 wenyewe. Waliulizwa swali kupitia mifupa yao, wakajibu. Sijui kama kuna aliyewabishia hodi. Natumaini yupo mtu kama tsawe aliyefanya hivyo kimyakimya kabla ya kazi kuanza.

Julai 2024 UNESCO iliiingiza Gede katika orodha ya urithi wa dunia. Kaya za Wamijikenda, misitu yao mitakatifu, ziliingizwa mwaka 2008. Kwenye ramani ni maeneo mawili, mafaili mawili. Ukiwa na mama yangu ni mahali pa kuvua viatu, na mahali pengine pa kuvua viatu.

Nilisema aibu yangu ilikuwa na sababu. Ni hii.

Shamba la hawe, bibi yangu, liko mbali kidogo na magofu, lina mikanju na minazi michache na mwembe mmoja mkubwa. Hatuna hati. Wengi kwetu hawana. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi ya ukanda wa pwani wajitokeze wasajiliwe. Wamijikenda kwa wingi waliachwa nje, na ardhi waliyokuwa wakiilima ikahesabiwa kuwa ya Serikali, au ya mwingine aliyejua njia ya ofisini. Toka hapo watu wanaitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Mwaka jana akatokea mtu na hati. Sitamtaja. Kukaitishwa kikao chini ya ule mwembe, na afisa aliyekuja akauliza swali ambalo katika kesi za ardhi huku kwetu kila mtu hulingojea: "Makaburi yenu yako wapi?"

Kwa sababu kaburi ni shahidi. Huna karatasi, lakini una mtu chini ya ardhi. Mjomba akawapeleka. Ni vilima vidogo chini ya mikanju, vingine vimezungushiwa mawe, vingine huwezi kuviona mpaka uonyeshwe. Vile vigingi vya mbao vya koma, vilivyochomekwa kwa ajili ya waliotangulia, vimeliwa na mchwa, na kimoja kilichokuwa kimechongwa vizuri kiliibwa zamani. (Vigango, wakubwa wao, vimeuzwa mpaka Marekani, viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2007 kutoka katika makumbusho huko. Vyetu havikuwa vya kuvutia kiasi hicho.)

Msemaji wa upande wa pili alisikiliza kwa adabu. Halafu akasema kwamba makaburi hayo ni ya kale mno, hayajulikani ni ya nani, na kwamba yeye mwenyewe ameambiwa na watu wa hapa hapa kuwa sehemu ile ina mapepo, hata watoto hawapiti jioni. Kama familia ingekuwa na watu wake pale, akauliza, wangewaogopa?

Hakuna aliyejibu upesi. Ni hoja ya kijanja, na mimi nilikuwa nimesimama pale na shahada yangu ya kwanza ya fasihi, nikaitambua. Ilikuwa ile ya Kirkman bila uzuri wa lugha yake. Ilikuwa pia ya kwangu. Nilikuwa nimemweka mwanamke kisimani, nikamvua kandambili, nikamnyima jina na watu wake, kwa sababu mwanamke mwenye watu wake hatishi basi zima. Mama aliwahi kuniambia "pana wenyewe". Mimi nikaenda kuwaambia wenzangu "pana mashetani", kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikiuza.

Mjomba hatimaye ndiye aliyejibu, na hakujibu vizuri. Alisema watoto hawapiti kwa heshima. Yule bwana akatabasamu. Afisa akaandika kitu.

Sitaki kudanganya mara ya pili, kwa hiyo niseme na hili: kule Gede, baada ya mama kubisha hodi, mwili ulinisisimka. Kulikuwa hakuna upepo, na hata kima walikuwa wamenyamaza. Sijui nilichohisi na sitakipamba. Ninajua tu kwamba hakikufanana na kile nilichokibuni ndani ya basi.

Afisa alitaka orodha. Kila kaburi, jina la aliyelala, uhusiano wake na hawe, na mwaka kama unajulikana. Familia ikanipa kazi hiyo mimi, "maana wewe ndiye unayeandika." Makaburi ni kumi na moja. Siku ya kwanza niliweza kujaza mistari mitatu. Ninaweza kukutajia washindi wa mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58, lakini sikujua ni nani aliye chini ya mkanju niliokuwa nikikwea kila likizo.

Mistari sasa imefika minane. Mmoja ni wa tsawe, na katika safu ya kazi nimeandika: alichimba Gede. Wa mtoto aliyefariki kabla ya kupewa jina nimeuandika "mtoto wa", na jina la mama yake. Mitatu iliyobaki iko kwa shangazi yake mama anayeishi Ganda. Hasikii vizuri kwenye simu, na tukimuuliza mambo mengi kwa pamoja huchoka akalala. Jumamosi nitapanda matatu nimfuate huko huko. Mama amenituma nichukue sukari na majani ya chai, na binamu yangu wa kidato cha kwanza amesema atanisindikiza. Njiani nitamwambia habari za ile kandambili.